Kutoka kwa Nusu Njia, kwa Mwanangu Aendaye Pangani

Mwanangu Hamedi,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, mbele ya mama yako na majirani, na hapo tutasema maneno yasemwayo: nenda salama, Mungu akuhifadhi, tusalimie Pangani. Kwa hiyo humu sitii salamu. Wala sitii maagizo. Maagizo yote ameyashika mama yako, naye hapendi kuingiliwa: nguo ipi uvae ukiingia kwa mjomba wako, mkate wa mofa uanze nao na tende uziache za mwisho, usilale na miguu yenye unyevu. Nilijaribu kuongeza langu moja nikaambiwa, "Baba Hamedi, wewe kakae ukaandike." Basi nimekaa, naandika.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyoniambia jana tukila. Alasiri nilikuwa nimekusikia barazani ukiwapa wenzio habari za safari. Sikuwa nimejificha; mtu wa umbo langu hajifichi. Nilikuwa nyuma ya nguzo tu. Ukawaambia kwamba wewe na punda wetu Kashata mtalala njiani mara moja basi, na kwamba ule msitu wa mbung'o ulio kati ya Mkange na Saadani mtaupita mchana, mbio, muingie Saadani watu wakiwa macho wakuoneni. Vijana wakapiga makofi. Hata mimi nyuma ya nguzo moyo ulinipanda kidogo, maana ulisema vizuri.

Usiku nikakwambia, "Msitu ule haupitwi mchana na mnyama."

Ukasema, "Nitapita mbio, baba. Mbung'o watauma vumbi."

Nikasema, "Na ukifika Mkange ukamwona Kashata amechoka?"

"Hatachoka."

"Akichoka, rudi."

Ndipo ukasema, na mkono wako ukiwa katika sinia moja na wangu: "Wewe ndiwe Nusu Njia, baba. Mimi siye."

Mama yako akaweka upawa chini. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa kuwa jina lile nimekwisha kulizoea kama kilemba, tena kwa kuwa mchuzi ulikuwa umenipalia na kicheko kilinifaa. Wewe ukainama ukala upesi upesi, ukaomba ruhusa kwenda kumtazama punda. Najua ulijuta. Usijute sana. Ulisema kweli, ila ulisema nusu yake, na nusu ya pili huijui kwa sababu sijakupa. Nimeificha miaka yote ya umri wako. Sasa unachukua mnyama unakwenda nami nimebaki nayo mkononi, kama mtu aliyesahau kumpa msafiri chakula chake.

Najua unaloliogopa. Siku ile mjomba wako Suleimani alipokuja, aliegemea mto wangu, akala halua yangu, akasema, "Shemeji, kijana namtaka. Pepo zikigoma, vyombo havitoki, na mtu wa kwenda kwa miguu hunifikishia habari za bei ya ufuta zimekwisha kuoza. Nataka mtu na mnyama, wa kuja na kwenda mwaka mzima. Lakini nipe mnyama anayefika. Nusu njia sina kazi nayo." Watu wakacheka, mimi nikamwongezea kahawa. Kisha akasema lile ambalo halikuwa mzaha: "Akiniletea mnyama mzima, kazi ni yake siku hiyo hiyo. Akiniletea anayekokota miguu, atakula wali wangu, atalala, kisha atarudi kwenu."

Nilikutazama ukisikia hayo. Ulikuwa umesimama mlangoni na birika, na uso wako ukawa kama wa mtu aliyekwisha kuondoka. Tangu hapo hukuota ila Pangani. Basi nisikilize kwanza habari za Kashata, ambazo wadhani wazijua, halafu nitakupa nyingine.

Kashata alipozaliwa wewe ulikuwa bado chuoni, juzuu zinakushinda. Mamaye, Bi Mkubwa, alikuwa punda wa Maskati safi, mweupe, mwenye masikio ya kifalme na tabia za mama mkwe. Nilitaka mtoto wake aitwe Binti Radi. Nilikuwa nimelitafuta jina hilo siku nyingi. Wewe ukaja kutoka chuoni na ubao kwapani, ukakatazama kale kanyama kanatetemeka magoti, rangi yake ya sukari iliyoungua, ukasema, "Baba, kama kashata." Ikawa basi. Mji mzima ukamwita Kashata, na Binti Radi nimebaki naye mimi peke yangu, nikimwita kimoyomoyo.

Wakati ule nilidhani kulea mnyama ni kumjaza. Babu yangu, mzaliwa wa Maskati, alikuwa akihadithia kwamba kwao wanyama hula tende na dagaa wakavu. Sikumwuliza wanakula kiasi gani, wala kama huko majani yapo. Alipoachishwa ziwa nikamlisha Kashata tende na dagaa, na mtama juu yake, na wali uliobaki, akawa mviringo kama ngoma. Nikamtia hina miguuni na mkiani, kama wafanyavyo wakubwa, mpaka mama yako akasema, "Idi hii mimi nitajipaka nini, matope?" Siku ya Ijumaa nikampitisha msikitini. Alisifiwa sana. Lililokuwa limebaki ni atembee.

Tukaenda naye njia ya Kaole, wewe mbele, mimi nimeshika kigwe, ile kamba ya kumwongozea. Hatukufika hata kwenye mikoko ya kwanza. Kashata akapiga magoti akalala njiani, na hina yake yote, akafumba macho. Mimi nikamsukuma, nikamsihi, nikaketi. Watu wakapita wakienda sokoni, wakapita wakirudi. Mzee mmoja akasimama akanitazama kwa huruma kabisa, akauliza, "Bwana Salum, punda huyu unamlea au unamposa?"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Nilikasirika, lakini nilikumbuka kitu ambacho sikukwambia siku ile. Nilikumbuka kwamba nimewahi kupenda mnyama kwa ajili ya macho ya watu, na nikamwona yule aliyelala pale akilipa tena kosa lile lile. Nikarudi nyumbani nikafunga gunia la tende.

Aliyenifundisha kazi, nakiri, ni Bi Mkubwa. Nilianza kumchukua yeye pwani maji yakipwa, mtoto akifuata nyuma bila kamba. Kila siku nilitaka tufike magofuni Kaole, kwa kuwa nilikuwa nimesema hivyo barazani. Na kila siku Bi Mkubwa alifika mahali pake anapopajua yeye, akamtazama mwanawe, akageuka. Fimbo haikumtisha. Ukimvuta huku, yeye huenda kule, na wewe ukiwa umeshika kamba unakwenda kule pia. Nilimtukana kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Ilinichukua mwezi mzima wa aibu kuona kwamba hageuki mtoto akichoka. Anageuka kabla. Anageuka mtoto bado anarukaruka, anakimbiza kaa, anataka kwenda. Na kesho yake mtoto ndiye wa kwanza mlangoni, anapiga ukwato anataka atoke. Siku nilizomshinda nguvu mimi, tukaenda mpaka mtoto akainamisha kichwa, kesho yake ilibidi kumtoa bandani kwa kubembeleza.

Basi nikaachia elimu yangu nikashika ya punda. Nikawa nageuka. Leo kwenye mkondo wa kwanza, mwezi ujao kwenye kisima, mwezi mwingine panapoanza mawe. Mimi nilikuwa nadhani nguvu humwingia mnyama akiwa njiani. Kumbe njiani anazitoa. Humwingia akiwa bandani amesimama anatafuna, ikiwa umemwachia kitu cha kujengea. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walituona kila siku tukija na kila siku tukiishia mahali pasipo na maana, na mmoja wao, Mungu amrehemu kwa ulimi wake, akapaza sauti, "Bwana Nusu Njia, leo umesahau nini nyumbani?" Hapo ndipo nilipobatizwa. Jioni jina lilikuwa limefika sokoni kabla yangu.

Wewe ulikuwa ukinivuta joho ukisema, "Baba, leo tufike magofuni, watu wanatuona." Nami nikikujibu, "Watu wametuona jana pia." Jibu baya. Mtoto hajibiwi hivyo. Nilipaswa kukueleza, lakini kueleza kungenipeleka kwenye lile nililolificha, basi nikanyamaza nikajifanya mjuzi. Baba akijifanya mjuzi mbele ya mwanawe, mwana huona ujuzi hauna mlango, akaenda kutafuta wake barazani. Simlaumu.

Hata hivyo tulifanya kazi, mimi na wewe. Tulikataa kumpanda mpaka alipong'oa meno ya utoto, ingawa wewe ulijaribu kwa siri ukarudi na kiwiko kimechunika, ukasema umeanguka ngazini, nyumba yetu haina ngazi. Tulimzoeza soji, lile tandiko la mgongoni, kwanza tupu, kisha na vifuko vya mchanga, kisha nawe, kisha siku moja nami, na uso alionigeuzia siku ile sitausahau. Tulianza mchanga mgumu wa pwani, na kosa la kumkimbiza kwenye mchanga mlaini nililifanya mimi, nikidhani ugumu ni dawa. Mguu ukamvimba. Ndipo tulipojua kumpapasa miguu asubuhi. Jioni mnyama hukudanganya, damu bado moto, anataka kukupendeza. Asubuhi mguu husema kweli.

Na telki! Ule mwendo ambao si kutembea wala si mbio, mgongo umetulia, miguu inakwenda kama vidole vya mpiga tari. Siku alipouweza ulipanda na kikombe cha kahawa ukaenda nacho mpaka mkondoni ukarudi hukumwaga. Nikataka na mimi. Mama yako anasema kanzu ile ilikuwa mpya. Mimi nasema kikombe kilijazwa mno.

Nayaandika haya ili ujue kwamba nilikuwa nikiyaona. Nilikuona ukishuka kutembea kando yake kwenye mchanga, bila kuambiwa. Nilikuona ukimbana ngozi ya shingo kutazama kama inarudi upesi, ujue maji yamemtosha. Siku mlipokwenda mkafika magofuni, na mkapita, mkafika mbali hata nikawa na hofu, mkarudi magharibi naye anavuta kigwe kama ndiyo kwanza anatoka, nilikaa uani nikajifanya natengeneza mkanda. Nilikuwa nalia, mwanangu. Mkanda haukuwa na kitu.

Sasa Shahini.

Umekua ukisikia kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa na farasi, na kwamba alikufa kwa kijicho. Nimelisema mimi. Nimelisema mara nyingi hata limekuwa na mapambo. Mama yako hakulisadiki hata siku moja, ila alikuwa bibi arusi, akaniachia.

Shahini alitoka Unguja, dume, wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe usoni. Aliyekuwa akimpanda hakuwa baba yako wa leo. Alikuwa kijana mwembamba, usicheke, mwenye jambia jipya, na kila alasiri alimpitisha farasi wake mbele ya baraza kwenda na kurudi. Siku moja mtu akasema, si kwa ubaya, "Bwana Salum, farasi huyu ni wa kwendea sokoni." Na mwingine, "Anaogopa kuacha harufu ya halua." Hayo tu. Maneno mepesi hivyo. Nikasema nitakwenda naye Saadani, na nikataja siku ya kuwa nimefika, na watu wetu wa huko wakapelekewa habari waningoje.

Nilimwandaa kama nilivyomwandaa Kashata kwa hina. Nilimlisha, nikampiga chanuo, nikamkimbiza mbio pwani mpaka povu, nikaona povu ndiyo mazoezi. Tukavuka Kingani, tukavuka Wami, tukafika Mkange jua liko juu. Pale nikakuta watu wa Kizigua wenye ng'ombe, wamekaa kivulini na mifugo yao imelala, wanangoja usiku. Walikuwa wamengoja siku mbili hivi, ili kundi liwe kubwa na mienge iwe mingi, kwa sababu ya simba. Mmoja akanisogezea mkeka, "Karibu, bwana. Kaa, tungoje giza."

Usije ukadhani sikujua. Hapa pwani hakuna mtoto asiyejua kwamba mbung'o akimwuma mnyama humtia maradhi ya kumwua, kwamba hulala usiku, na kwamba mchana hukifuata kila kitu kinachokwenda, na kikienda mbio humfurahisha zaidi. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikakaa kwenye ule mkeka. Nikavua viatu. Yule bwana akanipa muhogo wa kuchoma, tukaanza kuulizana habari za mvua. Ndipo nikafikiri watu wa Saadani wamekaa wananingoja leo. Kisha nikafikiri baraza la Bagamoyo, na lile la harufu ya halua. Nikavaa viatu.

Yule bwana hakunizuia. Alisema tu, "Farasi ni wako, bwana."

Viatu vile, Hamedi, ndivyo vilivyomwua. Si kijicho.

Tukaingia msituni mbio. Wakatujia. Shahini akawa anatikisa kichwa, anapiga mkia, ngozi inamcheza mwili mzima kama maji ya mtungi uliogongwa. Nami nikaumwa, nikapiga, nikaua nikidhani wanapungua. Katikati ya msitu akasimama. Mahali pale njia inashuka kwenye kijito kikavu. Utapaona, pana jiwe jeupe. Pale ni nusu njia hasa. Akasimama, akageuza shingo kule tulikotoka, akanitazama. Kigwe kilikuwa kimelegea mkononi mwangu. Kulikuwa hakuna wa kuniona. Mtu mwenye jina la Nusu Njia amekwisha geuka mara nyingi maishani mwake, lakini mahali pale, ambapo palitakiwa, hakugeuka. Nilimpiga visigino.

Tulifika Saadani nikapigiwa vigelegele. Nililishwa, nilisifiwa, nilihadithia. Nilirudi Bagamoyo kwa chombo na farasi wangu, na kwa siku kadhaa nikawa mtu.

Kisha akaanza kukonda. Uone ajabu yake: alikula. Alikula kama kawaida, chakula chote, na nyama ikawa inamwisha. Macho yakatoa machozi, miguu ikavimba, manyoya yakasimama. Niliita mwalimu akaandika kombe la zafarani, aya za kuoshwa kwa maji zikanywewa. Shahini akalinywa akataka jingine. Nami, ili nisiulizwe la msitu, nikasema amepigwa kijicho. Na kijicho lazima kiwe na mwenyewe. Watu wakakumbuka kwamba Bi Mwanakombo, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, alimsifu farasi yule asiseme mashaallah. Sikumtaja mimi. Nilinyamaza tu wakamtaja. Alisikia, akaja mpaka kizingitini, hakuingia, akasema, "Salum mwanangu, macho yangu haya hayaoni hata tundu la sindano. Yatamwonaje farasi?" Akaondoka, hakukanyaga tena uani kwetu mpaka alipokufa. Alikuwa amenilea huyo, akinipa kisamvu mama yangu akiwa mgonjwa. Farasi nimemlilia. Yule bibi sikupata uso wa kumlilia.

Shahini alikufa kichwa chake kikiwa ndani ya chano cha mtama.

Basi nusu ya pili ndiyo hiyo. Jana uliposema wewe si Nusu Njia, nilicheka kwa sababu na mimi niliwahi kuwa siye, mara moja, na hiyo ndiyo mara ninayotamani kuirudisha. Waliocheka barazani siku ile karibu wote ni marehemu. Waliobaki hawakumbuki kama niliwahi kuwa na farasi. Juzi nilimwuliza mmoja wao, yule wa harufu ya halua, akasema, "Farasi? Wewe? Ulikuwa na mbuzi."

Sikukatazi kitu. Kashata ni wako tangu sasa, nami nimemwambia mama yako ashuhudie, na yule bwana wa Mkange alikwisha nisemea: mnyama ni wako. Utafika pale naamini jua likiwa juu, maana mtu hufika Mkange jua likiwa juu kila anapofanya haraka. Utawakuta watu kivulini. Wasipokuwapo, ngoja mpaka waje. Msitu ule usiku si wa mtu mmoja. Huenda ukangoja hata watu wa pale wakuulize kama umekuja kuoa. Mjomba wako atakuwa anahesabu vidole huko Pangani. Mwache ahesabu. Anajua mengi ya ufuta, lakini hakusema ufike lini. Alisema ufike na mnyama mzima. Siku uliitia wewe mbele ya vijana wa barazani, na hao, hapana mmoja wao atakayekuja kumshika Kashata kichwa akiugua.

Na asubuhi moja ukimpapasa mguu ukauona una moto, popote ulipo, hata kama minazi ya Pangani unaiona, kaa. Na ikiwa kukaa hakufai, geuka. Njoo. Utanikuta hapa. Sitakuuliza kwa nini, na atakayekuuliza barazani nitakaa kando yake nimhadithie habari za Shahini, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na viatu. Nitalisema mbele ya watu. Nimeona leo kwamba ninaliweza, maana nimekwisha kukwambia wewe, ambaye ndiye niliyemwogopa zaidi.

Mama yako amepita mara ya pili kutazama mafuta ya taa. Ameuliza, "Unaandika barua au unahamia Pangani mwenyewe?" Nimemwambia namalizia.

Kesho nitakusindikiza mpaka Kingani, mpaka kwenye mtumbwi wa kuvushia. Kashata ataogelea; mfunge karibu na ubavu wa mtumbwi, kichwa juu, maji yasimwingie masikioni. Haya, agizo moja limeniponyoka. Ukiwa bado unamfunga utaniona nimegeuka. Sitangoja uvuke, wala sitasimama ukingoni mpaka upotee, kama wafanyavyo baba wengine, na wewe utadhani ni ile tabia yangu. Ni ile. Kila siku tulipomgeuza yule mnyama kabla hajachoka, alirudi nyumbani shingo imeelekea nyuma, anavuta kigwe, anataka kule alikokuwa akienda. Kwa hiyo kesho yake alitoka tena. Nami nataka nirudi kutoka Kingani vivyo hivyo, navuta kigwe, ili siku utakayoniita Pangani niwe wa kwanza mlangoni.

Baba yako,
Salum, Nusu Njia